Madebe Manne Aliyozika Baba Yako

Alder Creek, New Jersey
14 Juni 2009

Mpendwa ndugu yangu Naftali,

Salamu nyingi toka kwetu. Mgongo unasemaje, na baridi ya Melbourne imekuachia pumzi? Sisi hatujambo. Mama ana miaka sabini na moja na bado anatushinda sauti wote.

Sasa kaa kitini. Tumezipata karatasi! Baba yako hakuzitupa. Miaka thelathini na tano tumemsema vibaya, na leo naandika kwa aibu na furaha pamoja.

Unakumbuka ugomvi ulivyoanza. Paa la sinagogi lilivuja, yeye akiwa mtunzaji, na karatasi zote za wazee wetu waliookoka katika kambi za Wanazi wakaja kufuga kuku hapa zikatoweka. Alipoulizwa alijibu tu, "Nimezizika." Tukadhani anatukejeli. Humo ilikuwamo orodha ya marehemu ambayo kila familia iliandika mwaka wa kwanza wa kufika hapa, na ndani yake jina la mdogo wake Mama, aliyeuawa akiwa kichanga. Mama alikuwa na miaka minne, jina hakulishika. Babu aliliandika mara ile moja, asilitamke tena mpaka anakufa. Ndiyo maana Mama alimnunia shemeji yake, baba yako, hadi alipozikwa.

Mwaka huu sinagogi limeuzwa, na maktaba ya mji ikatupa chumba cha kuhifadhi historia yetu. Chumba kizuri, lakini kitupu! Tulikuwa na picha sita na mizani ya kupimia mayai.

Basi nikaenda makaburini na mzee Pinkas wa chama cha mazishi kunakili majina. Pembeni kuna jiwe dogo lisilo na jina, ambalo Mama huliwekea kokoto ya ukumbusho kila mwaka kwa kumhurumia mtoto wa watu anayedhani kalala pale. Nikauliza ni la nani. Pinkas akafungua daftari la mazishi, na huo hapo mwandiko wa baba yako: "Aliyelala hapa: herufi."

Pinkas akajipiga paji la uso. "Wajinga sisi! Vitabu vitakatifu vikichakaa si huzikwa? Huyu bwana kazika mpaka kumbukumbu za vikao!"

"Hata kile cha kugombania jogoo?"

"Herufi si zilezile za sala, binti yangu? Kule Ulaya aliziona zikichomwa. Ulitaka ami yako Getsl naye azitie jalalani?"

Rabi akaruhusu, tukachimba. Madebe manne ya chakula cha kuku, yamezibwa kwa nta, hata tone la maji halikuingia. Watu walipiga makofi, Naftali, makaburini! Pinkas aliimba mpaka akakohoa.

Nikamsomea Mama ukurasa wa Babu. Mstari wa mwisho: "Fradel, miezi minane." Mama akalirudia jina taratibu, kisha kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtoto aje kula. Alilia, nikalia naye.

Halafu akaokota kokoto, akaenda kwenye kaburi la baba yako. "Shemeji, nisamehe," akasema. "Ulinitunzia mdogo wangu."

Chumba kinafunguliwa Septemba, na madebe yatakaa katikati. Njoo ukate utepe wewe, mwana wa mwenye madebe.

Msalimie wifi Yente na mapacha. Mungu awape umri mrefu na paa lisilovuja. Huku wanakusalimu Pinkas, Mama, na, kama Mama aliyenisimamia hapa anavyotaka niandike, Fradel.

Dada yako akupendaye daima,
Zelda