Reli ya Chumba cha Wageni

Nyumba ile ile ya mlango wa kijani,
Nyuma ya karakana ya reli.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini wewe, wifi na watoto mu wazima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Sisi huku tunasukuma siku. Mama ana nguvu zake, ila masikio yamepungua, na ukimwambia jambo asilolipenda yanapungua zaidi. Mimi bado nashona, ingawa magoti yananisuta kila ninapoinuka kwenye cherehani.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, mimi ningelia, halafu tungeishia kuulizana habari za shule za watoto. Soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Shemeji yako anajenga reli ndani ya nyumba. Binti yetu mkubwa alimletea treni ya umeme ya kuchezea, ya mtumba, injini na mabehewa matatu, apate cha kumshughulisha. Ilikaa ndani ya boksi mwezi mzima. Tangu aachishwe udereva, miaka kumi na mmoja sasa, treni ikipiga honi huko nje yeye huongeza sauti ya redio. Mtaani walimbandika jina la Bwana Breki. Anaitika, tena anatabasamu, lakini akifika nyumbani chakula hakipiti kooni.

Basi siku moja nikamkuta kwenye chumba cha wageni, kile ulichokuwa ukilala wewe, amepiga magoti na futi yangu ya kupimia nguo. Kitanda alishakitoa. Mita nne kwa tatu, akasema. Meza itafuata kuta tatu, kimo cha kiuno, na mlangoni ataweka ubao wa bawaba, unaoinuka mtu akitaka kupita. Kona zisiwe kali, maana treni ndogo nayo huanguka. Siku ile aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima, na mimi nikasahau kuuliza kitanda kimekwenda wapi.

Akasema kabla ya kukata ubao hata mmoja atachora kila kitu sakafuni kwa chaki, sentimita moja kwa kila mita ya kweli.

"Ya kweli ya wapi?" nikamuuliza.

"Pale pale," akasema.

Unapajua. Pale kwenye stesheni yenu, alipoligonga lile behewa la mchanga lililosimama njiani, na msaidizi wake akapoteza mguu. Nilimsihi achore mahali pengine, atie milima, atie mto, nani atamzuia? Akasema anataka ajue alilala wapi hasa akiwa anaendesha. Alikuwa ameshaamini kwamba alilala, mdogo wangu. Alichotaka kujua ni mita ngapi tu.

Alikwenda kwa mpimaji mmoja mstaafu wa reli, akaazima ramani ya stesheni. Akachora kona, akachora njia mbili za kupishania. Lile ghala refu likawa boksi la viatu, na kibanda chako cha kuongozea ishara kikawa kiberiti kilichosimamishwa. Alipomaliza akaniomba uzi mwekundu. Nikashika ncha moja kwenye kiberiti, yeye akavuta nyingine hadi kwenye kona.

Uzi uligonga boksi la viatu.

"Sogeza mkono kulia," akasema. Nikasogeza. Boksi. "Inua kidogo." Nikainua. Boksi.

Hapo tukatazamana, maana sote wawili tuliyakumbuka maneno yako mbele ya kamati ya uchunguzi. Ulisema ulikuwa kibandani, ukamwona kwa macho yako akitokea kwenye kona, ukaweka ishara nyekundu mapema kabisa, naye akapita kama mtu aliyelala.

Nilidhani ataacha. Akawa anauhamisha uzi taratibu, akitafuta mahali ambapo mtu angeweza kuiona ile kona. Palipatikana mahali pamoja tu: barazani mwa ofisi ya tiketi, pale mlipozoea kucheza drafti, hatua sitini kutoka kibandani. Kwa hiyo ni kweli ulimwona. Ulimwona ukiwa na kete mkononi, na ishara bado imeruhusu kama ulivyoiacha ilipopita treni ya kabla yake.

Shemeji yako alikaa chini, suruali imejaa chaki. Alisema maneno mawili: "Kumbe sikulala."

Akayarudia. Nilimpa maji, akakishika kikombe tu.

Sasa nikwambie langu, kwa sababu sitaki kukutwisha yote wewe. Ulikuja jikoni kwangu ukilia. Ulisema akizidi kubisha mtafungwa wote wawili, heri akiri uchovu, aachishwe kazi, mambo yaishe. Nami nikaenda chumbani nikamwambia, "Baba watoto, kubali yaishe." Alitia sahihi kwa sababu ya mdomo wangu. Wewe ulipandishwa cheo ukahamishiwa huko, yeye akarudi nyumbani mikono mitupu. Na ni yeye aliyekushika mkono akakupeleka kwa mkubwa wa stesheni ukaandikwa kazi. Viatu vyako vya siku ya kwanza vilikuwa vyake.

Wiki iliyofuata tulimwendea yule msaidizi. Hawakuwa wameonana tangu ajali, kwa aibu ya shemeji yako. Siku hizi anatengeneza redio kwenye chumba kilichojaa nyaya, na mguu wake wa bandia huuegemeza ukutani, anasema akiwa amekaa hana kazi nao. Alisikiliza habari ya uzi mpaka mwisho, bisibisi mkononi.

"Ulale saa ngapi?" akasema. "Si ulikuwa unanichosha na jino lako tangu stesheni ya nyuma?"

"Mbona hukusema?" shemeji yako akamuuliza.

"Nilikuwa hospitali. Wakaja wakaniambia umeshakiri mwenyewe. Mwenye mdomo wake kakiri, mimi niseme nini? Nikabaki nakungoja uje kunitazama. Hukuja."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta maji ya kunawa. Nilisimama kwenye ule uchochoro nikakulaani, halafu nikajilaani mimi.

Nilikwenda ofisi ya reli na mchoro wetu. Karani alinikaribisha vizuri, akautazama, akasema chaki si ushahidi na jalada limefungwa. Yule msaidizi naye hakuiona ishara, alikuwa upande wa pili wa injini. Litafunguliwa tu iwapo shahidi wa kwanza ataandika kwa mkono wake kwamba alichosema hakikuwa hivyo. Nikamuuliza shahidi wa kwanza ni nani, kana kwamba sijui. Akanisomea jina la marehemu baba yetu mwishoni mwa lako.

Shemeji yako amenikataza kukuandikia. "Mwache," anasema, "ana watoto." Nikamwambia hata sisi tulikuwa nao. Anajua nimekaa hapa naandika, na amekwenda kujitia kazi ya kupiga randa mbao ambazo tayari ni laini.

Meza imefika ukuta wa pili. Yule msaidizi huja Jumamosi na nyaya zake, wanagombana kuhusu ubao wa mlangoni, ufunguke juu au pembeni. Jana nilimsikia shemeji yako akicheka, nikaacha kushona ili nisikie vizuri. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinavyoanza. Furaha ile niliionea uchungu, kwani tungekuwa nayo miaka yote hii.

Msalimie wifi yangu, mwambie sina neno naye. Wabusu watoto, na yule mdogo mwambie sweta lake la shule nimelimaliza, nitalituma na mtu. Binti yetu mkubwa hakusalimu, nami sikumlazimisha. Mungu akujalie afya ya mgongo na mkono wa kushika kalamu.

Mama anakusalimu sana. Kila mgeni anayeingia humwambia mwanawe ni mkubwa wa stesheni huko mbali, mtu mwaminifu ambaye hajawahi kumdhuru mtu. Juzi alimwambia hivyo yule msaidizi, naye akaitikia, "Ndiyo, mama." Mimi sijamwambia kitu. Kazi hiyo nimekuachia wewe.

Ni mimi, ninayekupenda bado, kwa shida,

Dada yako.