Kifurushi Chini ya Benchi

Malaba,
Novemba 1996

Kwako kaka yangu mpendwa Josphat,

Pokea salamu zangu na za wote hapa nyumbani. Natumaini wewe, shemeji Millicent na watoto mko salama huko Nakuru, na kile kifua chako kimetulia. Sisi hatujambo. Mama anavuna maharagwe na kila wiki anauliza kama umesahau njia ya Malaba. Nimemwambia hujasahau, ni baridi ya huko tu inayokuchelewesha.

Habari kubwa ni kwamba Mpaka Stars tumepanda daraja! Tumewafunga Nyota ya Busia moja bila, tena kwao, na mwaka ujao tutacheza ligi kuu na kulipwa mshahara kama watu wazima. Lakini bao lenyewe si kitu, kaka. Nataka nikueleze yaliyotokea katika chumba cha kubadilishia jezi, maana mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Wewe ndiwe uliyekuwa nahodha wakati tulipokuwa ugenini tukivalia jezi nje kati ya malori na kuingia uwanjani kinyumenyume, tusije tukakanyaga dawa za kichawi za wenyeji. Ulisema tahadhari kabla ya hatari. Kocha wetu mpya, Bwana Oluka kutoka Tororo, alipoiona desturi hiyo alicheka hadi akatoa machozi. Kisha akatuambia kwamba mtu anayevulia suruali nyuma ya tairi ameshamwambia mwenyeji kuwa anamwogopa, na ndiyo sababu ugenini tunafungwa kila mara. Busia, akasema, tutavalia chumbani au tusiende kabisa.

Tukaenda. Tuliingia tumeshikana mashati kama watoto wa nasari. Okal, kipa wetu, aliinama kutafuta pa kuweka mfuko wake, akapiga kelele, akatoka mbio na kiatu kimoja. Chini ya benchi la pembeni kulikuwa na kitambaa chekundu, na ndani yake yai lililozungushiwa uzi mweusi na manyoya ya kuku. Sote tulirudi mlangoni. Hata Bwana Oluka, yule wa kucheka, alijikuta nje akifanya ishara ya msalaba.

Aliyebaki ndani ni Ekwaro, beki wetu wa kutoka Angurai, aliyeshika unahodha baada yako. Unamjua, mtu wa maneno machache. Alikiokota kile kitu kwa mkono mtupu, akatupita, akakitupa chooni. Akarudi, akajipangusa mikono kwenye bukta, akaketi pale pale kilipokuwa, akauliza nani amechukua soksi yake. Kaka, sijawahi kuona kitu kama kile. Tuliingia mmoja mmoja, tukavaa. Siku ile tulitoka kwa mlango, tukiangalia mbele, na mashabiki wa Busia waliokuwa wamejiandaa kutucheka wakanyamaza.

Mechi utasimuliwa na wengine. Mimi nitasema tu kwamba tulicheza kama watu wasiodaiwa na mtu, na Oyugi akafunga kwa kichwa.

Baadaye chumbani tukaimba mpaka mabati yakatetemeka. Okal alimshukuru Ekwaro mbele ya wote, akasema ni heri kuongozwa na mtu asiyeamini mambo ya uchawi. Ekwaro akainua mkono tunyamaze.

"Nani amekuambia siamini?" akasema. "Mimi naogopa hiyo kitu kuliko nyinyi wote."

Akatueleza kwamba ndugu ya baba yake alikanyaga kifurushi kama kile, na mguu wa huyo ndugu ukakauka Ekwaro mwenyewe akiona. Aliamini kabisa kwamba dawa ile lazima impate mtu. Basi alipiga hesabu yake kwamba yeye ameshazeeka kimpira, na miguu yetu inahitajika ligi kuu. Akaona afadhali impate yeye peke yake.

Kumbe muda wote tuliokuwa tukikimbia kwa nguvu za ujasiri wake, yeye alikuwa akicheza huku akingoja mguu wake ufe.

Kisha Okal, yule yule wa kiatu kimoja, akaenda akajibanza kando ya Ekwaro kwenye lile benchi la kifurushi. Akasema, "Songa, boss. Hii tutagawana." Akafuata Oyugi, akafuata kocha, wengine wakaketi sakafuni karibu kabisa. Na mimi niliketi, kaka. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mwanzo, lakini niliketi.

Nisikuchoshe. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na mama anakuombea njia njema ya Krismasi. Mkienda kanisani Jumapili msimtaje Ekwaro peke yake katika maombi. Mtutaje sote.

Ni mimi mdogo wako,
Dancun Okiror