Tuliomba Mkunga

Kaka mpendwa,

Sisi wazima, ila mama magoti bado yanamsumbua. Jumapili wageni wa kanisa lenu la huko ng'ambo walitukabidhi kinanda kipya, nami nikawa mkalimani wao. Shangazi, ambaye bado anamlilia binti yake aliyefariki akijifungua, akasimama: "Tuliomba mkunga, mmetuletea kinanda."

Mchungaji akaninong'oneza, "Sema anashukuru."

Nikakataa, nikatafsiri neno kwa neno. Mgeni mkuu akashangaa. "Lakini kaka yako ndiye aliyetuambia hamna shida, mnataka muziki tu."

Shangazi akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikamjibu kwamba wamesikia. Kaka, nimekusitiri, lakini sitarudia. Waeleze ukweli huko, au shangazi atausikia kwangu.

Ni mimi dada yako, roho ikiniuma.