Majina Nyuma ya Saa ya Kifaransa

Jeddah, Ijumaa, 14 Machi 2014

Baba yangu,

Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Mama ameniambia nisikusumbue nayo.

Siku arobaini zimepita tangu tukuzike. Gari la bosi analiendesha mtu mwingine, na kiti amekisogeza mbele. Katika chumba chetu cha uani hapa Al-Rawdah, ile saa ya Kifaransa ya dadake madam, mke wa bosi, ilibaki wazi mezani, kama ulivyoiacha. Nimeimaliza mimi. Ilibaki kengele na pendulamu tu, na vidole vyangu vilikuwa vimekutazama sana. Ikigonga sasa, chumba kizima huwa kama kiko chini ya maji.

Unakumbuka tulipoitoa Malaz, kule Riyadh? Uliifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma kama mgonjwa, mimi ukanipakatisha pendulamu. Jangwa likawa linapita, nawe unanisimulia: aliyeyeyusha shaba, aliyechora namba, aliyepaka dhahabu kwa zebaki mpaka moshi wake ukamng'oa meno. "Mafundi wa Paris hao," ulisema, "na hakuna hata mmoja aliyelala vizuri." Nikacheka, nikasinzia, nikawaota wamebanana nasi garini, wamejaa vumbi la dhahabu.

Ndani, kwenye bamba la nyuma, waliowahi kuitengeneza wamekwaruza majina yao kwa sindano. Saba. Nilikuuliza, lako liko wapi? Ukasema, "Ikama yangu, kibali changu cha kuishi hapa, imeandikwa dereva, mwanangu. Dereva haweki sahihi kwenye saa." Ulitabasamu. Lakini uligeukia ukutani, Baba, nikakuona.

Kesho inarudi Riyadh. Jana nikaamua kumwomba madam ruhusa ya kukwaruza jina lako pia. Mama alinishika mkono mlangoni: "Weye mtoto! Ukimuudhi kafili anayetudhamini, tutakwenda wapi?" Hata hivyo nikaingia, nikamweleza kila kitu. Madam alivaa miwani, akayasoma majina yote saba. Kisha akasema, "Yalla, andika. Lakini padogo."

Mama amelia. Hajanikataza tena.

Basi nakuaga, Baba. Pumzika. Shule siachi, nakuahidi, na ufundi wako wa saa uliotoka nao Mombasa nitaujifunza mpaka mwisho.

Nijibu upesi, hata kwa ndoto, maana gari litaondoka baada ya swala ya alfajiri na sindano ninayo mkononi: kabla ya jina lako, niandike "Fundi"?

Binti yako,
Zuhura