Filamu aliyoisifia wifi

Jumapili, Kibosho

Bado uso unaniwaka. Wifi yangu Aika ndiye aliyesema, "Wekeni hiyo, ni ile hadithi ya kitabu wanachosoma watoto shuleni. Nimeiangalia yote, haina mambo ya ajabu." Nikamwamini, nikaenda mjini kurushiwa kwenye flashi.

Leo jioni tukakaa wote sebuleni, baba mkwe katikati. Mwanzo ulikuwa mzuri, watoto wanacheka, mzee anauliza maswali. Ghafla Aika akainuka. "Ngoja nikamkamue ng'ombe."

Hata uani hajafika, wale wawili kwenye filamu wakaanza kuvuana nguo. Kitabuni hayamo kabisa hayo! Natafuta rimoti, siioni. Mzee akachukua kofia yake akatoka bila kunitazama. Na mimi, mke wa mwanawe, ndiye niliyeileta.

Baadaye Aika ananiambia, "Pole wifi, nilijua umeshaikagua."

Nilitaka sana kumwamini. Lakini ng'ombe nilishamkamua mwenyewe kabla hatujawasha televisheni, na Aika alikunywa chai ya maziwa hayo hayo.