Wagonjwa Wasioumwa

Solo, Jumapili asubuhi

Kwa kaka yangu mpendwa, Mas Bagyo,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Mbak Ratmi na watoto mkiwa katika hali njema huko Balikpapan, na kwamba ile homa ya Galih imekwisha. Sisi huku tupo. Mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja tena pale pale, na jirani yetu Bu Marsih amemwoza binti yake wa mwisho, anakusalimu sana. Bapak naye, mzee wetu, anakusalimu. Yuko sebuleni anasikiliza redio, anadhani naandika mambo ya kazi.

Mas, Alhamisi ulinipigia simu ukauliza kwa nini jina la Bapak limeondolewa kwenye safari ya hija ya mwaka huu, ilhali wewe umeshaomba likizo ili umsindikize. Nikakujibu kwamba ni taratibu tu za ofisi. Si taratibu. Bapak amesubiri zamu yake tangu Galih hajazaliwa, mwaka huu imefika, na imempita. Nataka uijue kweli yenyewe. Kwenye simu nisingeweza, maana Bapak alikuwa amekaa pembeni yangu, na hata kama asingekuwepo, ulimi ungenigomea.

Kazi yangu hospitalini unaijua. Watu waliopanuliwa mishipa ya moyo kwa puto, wakawekewa ndani ile pete ya waya, sisi huwafuatilia mwaka hata mwaka, tujue baada ya miaka kumi kama pete bado inawafaa au la. Bapak ni mmoja wao. Nawapigia simu, au nawaendea majumbani, nawauliza kama kifua kinauma, kama wakitembea pumzi inakatika. Ndio utafiti wenyewe, unategemea kinywa cha mtu.

Sasa wewe ni Mjava kama mimi, unajua tunavyouliza. Siwezi kumkabili mzee wa watu nikamtupia swali la kifua hivi hivi. Naanza kwa kumwomba radhi kwa kumsumbua, nauliza mpunga, nauliza wajukuu, halafu nasema kwa lugha ya adabu kabisa kwamba bila shaka mzee ni mzima na kifua hakisumbui, sivyo? Naye atajibu nini? Amwambie mtoto wa watu aliyemtakia uzima kwamba hapana? Anasema inggih, ndiyo, mzima, alhamdulillah. Nami naandika: haumwi. Tulifanya hivyo miaka na miaka, na hesabu zikapendeza mno. Daktari Hapsoro, aliyempanua Bapak kwa mikono yake mwenyewe, akaanza kualikwa Jakarta na Singapuri akaeleze kwa nini wagonjwa wa Solo wanaendelea vizuri kuliko wa kwingine.

Mwaka huu akaletwa Daktari Rotua Sihombing kutoka Medan, aje akague kazi yetu. Mbatak halisi, Mas. Akicheka anasikika mpaka kwenye maegesho ya pikipiki. Siku ya kwanza alisoma karatasi zetu, akavua miwani, akatuuliza kama hawa wagonjwa wetu ni watu au ni malaika. Kwao Medan, alisema, ukimuuliza mgonjwa hali atakueleza kifua, magoti na mkwe wake, na atakulaumu wewe kwa vyote vitatu. Akaniita, "Dik Endah, hebu niulize mimi kama unavyowauliza wao." Nikamuuliza. Alicheka hadi akafuta machozi, akasema ukiuliza hivyo hata maiti atajibu ni mzima. Wenzangu nao wakacheka. Mimi nilichukia, nikasema moyoni huyu mama hakufundwa kwao.

Wiki ile ile nikapata habari za Pak Ngadiran wa Delanggu, fundi baiskeli. Mwanzoni mwa mwezi nilikuwa nimeongea naye, akaniambia yu mzima. Amefariki. Nikaenda kuhani na sukari na majani ya chai. Mjane wake akanikaribisha mkekani, akaniambia marehemu alikuwa akiumwa kifua tangu mavuno, hata kutoka kwenye baiskeli zake hadi jikoni alikuwa anakaa njiani. Simu yangu ilipoita alikuwa amelala. Akaomba shati, akalivaa, akafunga vifungo vyote, akaketi wima, ndipo akapokea. Mkewe alipomuuliza kwa nini hakusema ukweli, alimjibu kwamba binti wa watu anauliza kwa upole vile, utamwambiaje unaumwa, si utamharibia siku? Halafu, Mas, yule mama aliinamisha kichwa akaniomba radhi. Alisema wanasikitika sana mumewe amekufa kabla ya miaka kumi kutimia, huenda ametuharibia utafiti. Husemwa mficha maradhi kilio humuumbua. Pale wenye kilio ndio walioniomba msamaha mimi. Nilikunywa chai yao na sikujua niuweke wapi uso wangu.

Niliporudi nikamwendea Daktari Rotua nikamwomba anifundishe kuuliza. Safari hii hakunicheka. Tukakaa tukayapindua maswali yote. Mtu asiulizwe kama ni mzima, aulizwe ni kazi gani aliyokuwa akiifanya mwenyewe na siku hizi anamwachia mwingine. Aulizwe ni lini mara ya mwisho alifika sokoni bila kusimama njiani. Nikawa nayafanyia mazoezi jikoni huku nakaanga tempe ya soya, nayasema kwa sauti mpaka yakazoea mdomo. Na wazee wakafunguka. Huyu hachoti tena maji, yule anaswali amekaa na kusingizia magoti. Hesabu zetu nzuri zikaporomoka. Daktari Hapsoro akafuta safari yake ya Singapuri. Hakunigombeza. Aliniita akanishukuru kwa sauti ya chini, na tangu siku hiyo tukikutana kwenye korido ananiamkia yeye kwanza. Ni heri angenizaba kofi.

Ikafika zamu ya Bapak. Kwa kuwa mimi ni mwanawe, Daktari Rotua alisema atamuuliza mwenyewe, na kwa majibu hayo atamwandikia cheti cha afya cha hija. Bapak alikwenda amevaa batiki yake ya harusini na kofia nyeusi. Walitaniana vizuri tu. Alimwambia Bu Dokter kwamba kwa sauti ile, angezaliwa Solo zamani, kasri lisingehitaji kununua upatu wa kupiga. Lakini kila swali alilijibu bila kusita. Sokoni? Jumanne, kwa miguu, hakusimama popote. Kazi gani amewaachia wengine? Hakuna, hata bustani anapalilia mwenyewe. Nikiwa nimesimama mlangoni ndipo nikaelewa kwamba maswali yote alikuwa ameyasikia kutoka jikoni, akajiandalia majibu. Alipoambiwa atembee kwenye korido alitembea kwa madaha, akisimama kumsalimu kila muuguzi na kumuuliza kwao ni wapi. Kila salamu ilikuwa pumziko. Mtu wa Medan angeijulia wapi hila hiyo? Aliona mzee mchangamfu mwenye watu wake. Akaridhika, akachukua kalamu.

Mas, hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito. Bapak anaumwa tangu mwaka juzi, na mimi nilijua. Hutoka mapema sana kwenda msikitini, majirani wanamsifu kwa uchamungu, lakini mimi nimemwona dirishani. Anasimama kwa Bu Marsih akishika ukuta, anatembea kidogo, anasimama tena. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimuuliza maswali ya utafiti, hapa hapa mezani, tukila. Alikuwa ananiambia, "Andika mzima, nduk, mwanangu," nami naandika mzima. Pak Ngadiran alinificha. Bapak hakunificha kitu, niliandika uongo huku namwangalia. Niliogopa atanyimwa hija. Niliogopa kumwangusha Daktari Hapsoro. Na zaidi ya yote niliona haya, mimi muuguzi wa moyo, nionekane nina baba anayeumwa moyo nyumbani kwangu. Na wewe kila ulipopiga simu kuuliza hali yake, nilikupa jibu lile lile nililoandika.

Siku ile nilimkalisha Bapak kwenye benchi nje, nikamwambia namfuatia chai. Nikarudi ndani peke yangu, nikamweleza Daktari Rotua kila kitu. Aliiweka kalamu chini. Wakampima upya kwa mashine, wakakuta pete imeziba karibu yote na mshipa wa pili umeanza kusinyaa. Jumatatu walimpanua tena kwa puto, salama, namshukuru Mungu. Bapak alikataa usiambiwe, eti utaacha kazi, nami nikatii upesi kwa sababu ilinifaa. Mwaka huu hasafiri. Daktari Rotua alinieleza bila kunizungusha kwamba ningesema mwaka juzi, angetibiwa mapema, na sasa hivi angekuwa anakunja ihramu yake sandukuni. Mwakani atatimiza miaka themanini, na huo mwakani hakuna anayeweza kutuahidi. Nimemnyang'anya Bapak hija yake, Mas. Si kwa kusema, ni kwa kunyamaza kule kote kabla ya kusema.

Na yeye hajui kwamba ni mimi. Anaamini yule mama wa Medan alimtilia shaka kwa macho yake tu. Wageni wakija kumjulia hali anawasimulia kwa utani jinsi alivyozuiwa Makka na mwanamke mwenye sauti kama kipaza sauti, wanacheka, nami nawamiminia chai. Wakishaondoka anakaa akiangalia ukuta. Jana aliagiza serabi za moto, zile chapati za tui la nazi, akanikabidhi nimpelekee Daktari Rotua. Alisema nimwambie hana kinyongo naye, yeye ni mgeni, ametenda kama mgeni. Kisha akasema, "Mwanangu mwenyewe asingeweza kunifanyia hivi." Nikaupokea mfuko kwa mikono miwili, nikasema inggih, Bapak.

Nitamwambia. Ila nikimwambia tukiwa wawili, atanisamehe papo hapo kwa adabu, nami sitajua kamwe kama amenisamehe kweli. Kwa hiyo nakuomba hiyo likizo usiirudishe, uje nayo nyumbani. Mimi nitasema yangu mbele yake, halafu nitatoka nje, nanyi mbaki. Wewe hukumdanganyia chochote, huenda kwako atasema lililo moyoni. Utakaloniambia baadaye nitalipokea lilivyo, hata likiwa kali. Usiliremba.

Nisalimie sana Mbak Ratmi, umwambie ile mitandio imefika na imenipendeza. Wabusu watoto. Mungu akulinde kazini na njiani. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ni mimi mdogo wako, mwenye haya mbele yako,

Endah Prihatini