Mpaka Pikapu Ipone Kutu

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe kaivua pikapu turubai. Miaka yote imekaa uani, kuku wanataga ndani — leo kaamka, kavaa ovaroli, kashika brashi ya waya. Anasugua kutu tangu asubuhi. Kriii, kriii, mpaka meno yananiuma. Nikamuuliza kulikoni. Eti ikishapona kutu, anamfuata mkewe.

Nusura niangushe sufuria! Mama mkwe aliondoka kwa ajili yangu, sikatai. Tuligombania jiko, nikashinda. Akaenda kukaa kwa bintiye, akaapa hatarudi mpaka mumewe amfuate mwenyewe, kwa gari lake mwenyewe. Nilicheka sana siku ile. Gari lenyewe ukikanyaga sakafu, mguu unafika chini.

Jumatano, 5 Machi

Mzee kazi anaijua, lo! Kakata bati, kaita fundi wa kuchomelea, tundu la sakafu limezibwa. Milango imebaki chuma kitupu, inang'aa. Sasa ni praima ya kuzuia kutu, halafu rangi. Lakini anapaka asubuhi tu, jioni macho hayamsaidii. Kwa hiyo chuma kinalala uchi chini ya turubai. Nimeliwaza jambo hilo wakati naosha vyombo.

Alhamisi, 6 Machi

Maji ya chumvi. Kopo moja tu, jana jioni, yeye yuko ndani anasikiliza taarifa ya habari. Asubuhi milango yote rangi ya chai! Kasimama, kaigusa kwa kidole, kanitazama. Anasema ni unyevu wa usiku. Nikamwambia, pole, Baba. Akachukua msasa, akaanza upya.

Jumapili, 9 Machi

Mjanja huyu mzee. Siku hizi hangoji asubuhi — akimaliza msasa anapaka praima jioni ile ile, kwa kupapasa. Haya, tuone. Praima ikiwa mbichi inatoka kwa kitambaa na thina. Nimefuta milango yote miwili, nikaimwagia maji yangu ya chumvi. Vidole vinawasha. Nimekaanga vitunguu vingi ili harufu ya thina isinisaliti.

Jumatatu, 10 Machi

Kelele uani. "Nilipaka! Jana nilipaka!" Mume wangu katoka na mswaki mdomoni, kaangalia milango: kutu tupu, hata tone la praima hakuna. Akamwambia taratibu kwamba labda alikusudia kupaka, akapitiwa. Mzee kamwonyesha kucha zake, zina kijivu cha praima. Mume wangu akasema hiyo ni ya juzi.

Mzee akakaa juu ya tairi. Nilipompelekea uji akaniuliza leo siku gani. Nikamwambia Jumanne. Hakuna aliyenituma. Akarudia polepole, "Jumanne," akashukuru, akanywa uji. Nilirudi ndani nikicheka peke yangu.

Jumatano, 12 Machi

Hasugui tena. Anakaa nyuma ya usukani, mikono mapajani. Mume wangu kaficha funguo. Anasema babake akili zinamtoka — na akalia, mwanamume mzima! Nikampigapiga mgongoni. Uani kimya, jiko langu, roho yangu kwatu.

Ijumaa, 14 Machi

Balaa! Mume wangu alimpigia mamake simu, akamweleza kuwa baba hakumbuki lolote tena. Mama mkwe hakungoja pikapu wala nini. Kaja kwa basi, na masanduku. Anasema kiapo ni cha mtu mzima na mwenziwe mzima. Mgonjwa haachwi, atakaa naye mpaka Mungu atakapoamua. Kama mzee haumwi, yeye anarudi kwa bintiye kwa basi la kesho. Na keshahamisha sufuria zangu!

Mzee kasimama katikati ya sebule. Sijamwona hivi wiki nzima.

"Mimi si kichaa. Nilipaka. Huyu mkwe wetu alikuwa anaanua nguo pale pale, aliniona. Mwanangu, sema mbele ya mama yako. Nilipaka, sikupaka?"

Wote macho kwangu. Nikisema hakupaka, huyu mama hatoki jikoni mwangu milele. Nikisema alipaka, wataniuliza ni nani aliyefuta. Nikasema nainjika chai kwanza, mgeni hajanywa hata maji!

Niko jikoni, daftari nimeliweka juu ya debe la unga. Maji yanatokota. Mama mkwe anasema huko sebuleni kwamba chai si haraka, anataka jibu. Mume wangu kaniita mara mbili. Sauti ya mzee — anawaambia waniache nipumue, kwamba humu ndani mimi peke yangu ndiye ninayemwonea huruma.

Nimeongeza maji mengine.